Uso, mvi na harusi ya Desemba: jibu kwa msomaji wa Tanga

"Shikamoo daktari. Nina miaka 51, nauza vitenge na madera hapa Tanga. Tangu nikiwa na 38 napaka mkorogo ninaochanganyiwa na mama mmoja, unakuja kwenye kopo lisilo na lebo. Miaka ya mwanzo nilitakata, kila nipitapo nasifiwa. Sasa mashavuni na chini ya macho pameingia weusi wa majivu, mwingine unaelekea samawati, na nikikosa kupaka siku mbili uso unawaka moto. Mvi nazo zimezidi. Mara ya mwisho nilipopaka piko kichwani masikio yalivimba na ngozi ikatoa majimaji. Binti yangu wa mwisho anaolewa Desemba. Wenzangu wa kikoba wananishawishi tukachomwe sindano za weupe. Nikijitazama kwenye picha za simu simtambui ninayemwona. Mama yangu alipokuwa na umri huu alikuwa mzuri, na hakujua lolote kati ya haya. Je, uzuri umebadilika, au ni mimi niliyezeeka vibaya? Na kuna la kufanya kabla ya Desemba?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekutangulia miaka 12, nami nimeshamwoza binti, kwa hiyo najua Desemba inavyokimbia. Umeuliza mengi kwa pumzi moja. Naanza na linalowaka, maana hilo halingoji.

Weusi wa majivu unaoelekea samawati, mashavuni na chini ya macho, kwa mtu aliyepaka mkorogo miaka 13, mara nyingi ni kile tunachokiita okronosi. Siwezi kuapa bila kuuona uso wako, lakini nikilazimishwa kutaja jambo la kwanza, nataja hilo. Chanzo chake ni haidrokwinoni. Dawa hii sisi madaktari wa ngozi tunaiandika wenyewe, kwa kipimo kidogo, kwa miezi michache, kwenye doa tu, kisha tunaiondoa. Ikipakwa uso mzima miaka na miaka chini ya jua la pwani, mambo hugeuka. Ndani ya ngozi hujengeka vipande vya rangi ya hudhurungi ambavyo ukivitazama kwa nje vinaonekana kama wino uliovuja. Afrika Kusini madaktari walilieleza tatizo hili mwaka 1975, kwa wanawake weusi waliokuwa wakipaka krimu kali, na mwaka 1990 serikali yao ikapiga marufuku krimu za kung'arisha. Ubaya wa okronosi ni kwamba mwenye nayo hudhani weusi wake wa kuzaliwa ndio unarudi, basi huzidisha kupaka, na kadiri anavyozidisha ndivyo wino unavyozidi kuvuja.

Kule kuwaka moto ukikosa kupaka ni jambo jingine. Hiyo inanionyesha kuwa ndani ya kopo lako kuna steroidi, pengine klobetasoli au betamethasoni, dawa kali zilizokusudiwa magonjwa ya ngozi kwa siku chache. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kunyamazisha kila muwasho, ndiyo maana miezi ya mwanzo uso huwa laini kama wa mtoto. Baadaye ngozi hukonda. Mishipa huanza kuonekana, chunusi za ajabu hutoka, vinyweleo huota mashavuni, michirizi hupasuka mapajani na kwapani. Nimeshirikiana na madaktari wa upasuaji waliokuwa wakishona jeraha la mama aliyepaka mwili mzima, na kila uzi walioukaza ulikata nyama. Ngozi ilikuwa kama karatasi iliyoloa.

Kwa hiyo sitakwambia ulitupe kopo usiku huu halafu ukae peke yako na maumivu. Kama unapaka uso tu, daktari atakupunguzia kwa hatua, huku akikupa dawa ya kutuliza. Kama unapaka mwili mzima, mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu steroidi hunywewa na ngozi ikaingia kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya namna hiyo huzoea kulala. Ukiacha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kizunguzungu na kutapika, na wengine hufika hospitali wakiwa hoi. Wakupime na presha na sukari papo hapo, maana steroidi huzipandisha zote mbili.

Halafu lipo la tatu, linalonitia hofu kuliko yote: kopo lisilo na lebo linaweza kuwa na zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, ni rahisi kupatikana, na haina harufu ya kuishtukia. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mwenye nayo mwilini hukosa usingizi, mikono humtetemeka, husahau, hukasirika bila sababu, naye husema ni umri. Na haikai kwa aliyeipaka peke yake: inahamia kwenye taulo, kwenye foronya, kwa mjukuu anayelala kifuani. Nchi zilizosaini Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025, na hapa kwetu usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Lakini kitu kinachokorogwa kwenye beseni nyuma ya nyumba hakipiti mbele ya mkaguzi yeyote. Omba upimwe mkojo, kwa zebaki na kwa kazi ya figo.

Kuhusu sindano, nasema hapana, na wenzako wa kikoba waonyeshe sentensi hii. Wanachochoma ni glutathayoni, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, lakini kikisukumwa mshipani kwa dozi kubwa na mtu ambaye mara nyingi si daktari, kwenye chumba cha saluni, ni hatari tupu. Ushahidi kwamba kinaleta weupe wa kudumu ni dhaifu. Ufilipino, ambako mtindo huu ulishamiri mapema, mamlaka yao ya dawa ilitoa tahadhari mwaka 2011 kuhusu madhara kwa ini, figo na ngozi. Fedha za kikoba zina kazi bora.

Sasa piko. Masikio kuvimba na ngozi kutoa majimaji ni mzio, na kwa rangi nyeusi ya nywele mshukiwa wa kwanza ni kemikali inayoitwa PPD. Mwili ukishaijua hauisahau. Mara ijayo itakuwa mbaya zaidi, na inaweza kufunga njia ya hewa. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu unaingia kwenye harusi: piko la kuchorea maua mikononi mara nyingi ni unga ule ule wa nywele. Hina ya kweli ni majani yaliyosagwa, unga wa kijani, hukaa mkononi saa kadhaa na hutoa rangi ya chungwa inayokolea hadi damu ya mzee. Kilicho cheusi ti na kinachoshika kwa dakika chache si hina. Siku ya kuchorwa, wewe kaa na hina peke yake, na mchoraji umweleze mapema ili asikuguse kwa kibandiko cha piko alichomchorea mwingine.

Kabla sijaendelea, jambo moja la utu. Watu huwacheka wanawake waliojichubua, uso Fanta miguu Coca-Cola, na sugu za vidole zilizobaki nyeusi. Mimi utani huo siupendi na kliniki kwangu haupiti mlangoni. Anayechekwa huficha kopo lake, na anayeficha kopo simtibu. Wewe hukufanya kosa la kuchekwa. Ulifanya kile ambacho kila aliyekusifu alikuambia ufanye. Umeandika mwenyewe kwamba ulisifiwa njia nzima.

Sasa nije kwa mama yako, kwa sababu swali lile ndilo lililonifanya nikae chini kuandika kwa urefu huu.

Nililelewa na bibi yangu Pangani. Alipokuwa na miaka sabini na kitu, kila siku baada ya alasiri alioga, akasaga liwa kwenye jiwe la msio, akajipaka shingoni na mikononi. Nguo aliyokusudia kuvaa ilikuwa imekwisha tandazwa juu ya chetezo, imekunywa moshi wa udi. Kikuba cha asumini na mrihani kifuani. Kisha akakaa barazani. Watu walikuja wakaketi karibu naye, wanaume kwa wanawake, na watoto tukigombania mapaja. Nakumbuka wageni wakisema, "Bibi huyu mzuri," na sikumbuki hata mmoja akitaja uso wake. Alikuwa na makunyanzi kama kitambaa kilichokunjwa sandukuni. Uzuri wake ulikuwa unaingia puani kabla haujafika machoni.

Nadhani ndivyo alivyokuwa mama yako, na ndiyo maana unamkumbuka mzuri ilhali pengine huna picha yake nyingi. Uzuri wa pwani ulikuwa kwa sehemu kubwa kitu cha kutendwa: usafi, harufu, namna ya kukunja kanga, namna ya kuketi na kumjibu mtu. Mwana Kupona wa Pate alipokuwa mgonjwa, mwaka 1858, alimwachia bintiye wosia wa mashairi, na pale alipofika kwenye kujipamba alizungumzia hina, wanja, vito, maua na marashi. Ni mambo ambayo mwanamke wa miaka 17 anaweza kuyatenda, na wa miaka 70 pia. Umri hauna pa kuyashikia.

Sikupigi porojo kwamba zamani kulikuwa na haki. Wanja wenyewe, ule wa kusagwa kutoka kwenye jiwe, mara nyingi ulikuwa na madini ya risasi, na hata leo siwashauri wazazi kuwapaka watoto wachanga. Na rangi ya mtu ilikuwa na bei. Pwani hii ilikuwa na utumwa, uliokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na mtu mweusi aliyevaa kaniki alisomwa kwa rangi yake kabla hajafungua kinywa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu aliyekuja kuwa sauti ya Unguja na kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimbwa kwa kejeli kuhusu asili yake, kaniki zake na sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Kwa hiyo ule upendo wa weupe unaouona kwenye kikoba chako haukuletwa na simu. Una mizizi mirefu, na walioumia kwanza ni waliodharauliwa zaidi.

Ukitazama vizuri, kila zama imempangia mwanamke mwili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na krimu za kung'arisha, na kuanzia Januari 1969 vijana wakawa barabarani kulisimamia. Kuhusu krimu walikuwa na hoja. Lakini waliokuwa wakiamua walikuwa zaidi wanaume, na waliokuwa wakisimamishwa barabarani ni wanawake. Miaka ya themanini ilikuja na mambo mengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na upande wa pili wa mpaka, Uganda, ugonjwa uliitwa "slim". Nilikuwa msichana. Nakumbuka mwanamke akipungua kidogo tu, hata kwa kunyonyesha, minong'ono ilianza. Mama zetu walitulisha tunenepe ili tusisingiziwe. Unene ulikuwa cheti cha afya. Leo mabinti wa wanawake wale wale wanafunga kula ili kiuno kiingie, huku wakimeza vidonge vya kukuza makalio, na hivyo vidonge nikipewa nafasi nitaviandikia jibu lake, maana vingi ni dawa za mzio na steroidi zilizobadilishwa jina.

Kilichobadilika kweli katika maisha yako na yangu ni kwamba uzuri umehama pua, sikio na mkono, ukahamia kwenye picha. Picha hainusi. Haijui kama umeoga. Haisikii unavyomkaribisha mgeni. Inachukua mambo mawili, rangi na umbo, yaani yale yale mawili ambayo umri huyagusa kwanza. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 51 leo anajiona amefilisika mapema kuliko bibi yake.

Na picha yenyewe si hakimu wa haki. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Filamu ilirekebishwa mpaka yeye apendeze, sisi wengine tukatoka meno na macho. Simu za leo ni bora zaidi, lakini zina kasoro nyingine. Madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walipiga hesabu mwaka 2018 wakaonyesha kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita moja na nusu. Huyo usiyemtambua kwenye simu, mdogo wangu, hata mumeo hajawahi kumwona. Hakuna anayekutazama kwa lenzi ile, kwa umbali ule, kutokea chini ya kidevu.

Lakini sitaki kukutuliza kwa maneno matamu tu, kwa sababu ngozi ya miaka 51 inabadilika kweli na una haki ya kujua inabadilikaje. Kwenye kila seli ya juu ya ngozi nyeusi, chembe za rangi hujipanga juu ya kiini kama makuti juu ya paa, kukinga jua lisifike ndani. Kinga hiyo ya kuzaliwa imewahi kukadiriwa kuwa sawa na losheni ya kukinga jua ya kipimo (SPF) cha 13, wakati ngozi ya Mzungu ina kama 3. Ndiyo sababu makunyanzi yetu huchelewa. Ulipopaka mkorogo uliezua nyumba yako mwenyewe, na jua limekuwa likiingia miaka 13. Uzee mwingi unaouona usoni si wa miaka 51, ni wa kopo. Hilo ni baya kusikia, lakini lina upande wa faraja: ukiacha, ngozi ina nafasi ya kuezeka upya, ingawa pale penye okronosi patachukua muda mrefu sana na pengine pasirudi kama zamani.

Hedhi nayo, kama haijakoma, inakaribia. Estrojeni ikishuka, kolajeni, zile kamba zinazoishika ngozi isilegee, hupungua kwa kasi, takriban asilimia 30 katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Ngozi hukauka, huwasha usiku, mashavu hushuka kidogo. Hiyo si adhabu ya mtu aliyezeeka vibaya. Ingetokea hata kama usingegusa krimu maishani. Kama una vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni, vidogo kama ufuta, ambavyo mama yako naye alikuwa navyo, hivyo ni vya ukoo, havina madhara. Usivifunge uzi wala kuvichoma kwa tindikali za saluni, vitaacha kovu kubwa kuliko vyenyewe.

Basi kabla ya Desemba. Asubuhi, losheni ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi, na utafute iliyotiwa rangi ya kahawia. Rangi ile ni oksidi ya chuma, nayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwa ngozi yetu huchangia sana madoa kurudi. Losheni nyeupe tupu haifanyi kazi hiyo. Hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza losheni yao ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, nami huwatajia watu hilo wanaponiambia kukinga jua ni mambo ya Wazungu. Dukani kwako kama jua la saa nane linapiga meza, hamisha kiti. Mtandio na mwavuli ni dawa, viandike kwenye bajeti.

Usiku, sabuni laini isiyo ya kuchubua, kisha mafuta wakati ngozi ingali na unyevu wa maji, usisubiri ikauke. Mafuta ya mgando yanatosha mwilini. Nazi pia, kama haikuletei chunusi usoni. Mengine, kama asidi ya azelaiki au dawa za jamii ya vitamini A, atakuandikia daktari baada ya moto kutulia, si kabla. Mtu yeyote atakayekuahidi kukuchuna uso uwe mpya kwa wiki mbili anataka fedha yako, na ngozi iliyokonda kama yako ikichunwa inaweza kubaki na kovu.

Nitakuambia na hili ili usishtuke: kati ya wiki ya kwanza na mwezi wa pili au wa tatu baada ya kuacha, utaonekana mbaya kuliko sasa. Uso utakuwa mwekundu, utavimba kidogo, chunusi zitatoka, na watu watakuuliza unaumwa nini. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye kopo. Ukianza wiki hii, dhoruba hiyo inaweza kupita kabla ya harusi. Ukisubiri hadi Novemba, itakukuta jukwaani.

Mvi uamuzi ni wako. Unaweza kuziacha, ukasuka laini au ukakata fupi. Mwaka 2007 Flaviana Matata alikwenda Mexico City kwenye mashindano ya Miss Universe akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora, na tangu hapo nimeona wanawake wa makamo wengi wakinyoa kwa raha bila kuulizwa kama wana msiba. Ukitaka rangi, hina halisi itazigeuza mvi ziwe kama shaba. Ukitaka weusi, hapana, masikio yako yameshatoa jibu. Na msusi asikukaze kwenye paji la uso, maana nywele za umri huu zikivutwa hung'oka na mzizi, na ule upara wa mbele ni mgumu kutibika kuliko rangi ya uso.

Kila tunapozungumzia uzee wa kupendeza watu humtaja Bi Kidude, aliyefariki Aprili 17, 2013 akiwa ameimba na kupiga ngoma ya msondo mpaka ukongweni, makunyanzi yake yakijulikana hadi Ulaya. Nampenda sana. Lakini si haki kumpa mwanamke wa dukani mfano wa msanii kisha tumwambie ajikubali. Bi Kidude alipewa jukwaa, na jukwaani makunyanzi yalihesabiwa kuwa sehemu ya kipaji. Wewe unasimama mbele ya wateja wanaokwambia umechakaa, na wakwe wapya wanaokuja kukukagua. Najua. Ndiyo maana sikwambii uache kujipamba. Nakuomba ujipambe kwa vitu ambavyo mwili wako unaviweza.

Siku ya harusi, anza asubuhi mapema. Singo ya mawaridi na mlangilangi mwilini, usipake usoni safari hii. Nguo yako ifukizwe udi tangu usiku wa kuamkia. Vaa rangi iliyoiva, kijani cha mwembe au damu ya mzee, itakaa vizuri na ngozi inayopona kuliko ile dhahabu ya kumeremeta wanayoipenda wapambaji. Mpambaji akupake rangi inayofanana na shingo yako, na umwambie kabla hajafungua kibegi. Mpiga picha naye mwambie mambo mawili: asimame mbali angalau mita mbili, na asikusafishe rangi kwenye kompyuta. Mjukuu wako siku moja atataka kukuona wewe.

Na kwa kuwa utakuwa umeshafika hospitali, usitoke na habari za uso tu. Omba kipimo cha mlango wa kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kipimo cha siki, yaani kupakwa siki hapo ili penye kasoro paonekane, huchukua dakika chache, na nimeona wanawake waliotumia miaka kumi wakiutafuta uso huku chini kunaharibika bila kuangaliwa. Waangalie na matiti. Nyumbani kula dagaa pamoja na mifupa yao, tembea asubuhi mpaka utokwe jasho, mifupa yako inahitaji vyote viwili kuanzia sasa.

Kabla ya kwenda, fungasha kwenye mfuko mmoja kila unachopaka: kopo lenyewe, sabuni, lile piko, hata krimu iliyobaki robo chini ya kitanda. Usilioshe kopo, kilichobaki ukingoni kinaweza kupimwa. Na umwite bintiyo mkae wawili tu, umuulize kama naye huchota humo. Kama huchota, nenda naye, tena kabla hajabeba mimba, kwa sababu zebaki humfikia mtoto tumboni. Usimgombeze. Mwambie tu mnakwenda pamoja.